Usukani kwa Usukani

Je, kitu kinaweza kushika nafasi ya kingine bila mtu kudhulumiwa? Nimeuza spea hapa Kamembe, wilayani Rusizi, Rwanda, kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na riziki yangu yote imesimama juu ya jibu la ndiyo. Anayekuja na bushi iliyokufa huondoka na bushi nyingine, na halalamiki. Lakini baada ya Magharibi huketi msikitini na vijana wachache tukisoma fiqhi, na huko nimejifunza kwamba ndiyo hiyo ina mipaka. Mwaka jana duka na darsa vilikutana juu ya kaunta yangu.

Mzee mmoja wa Bukavu alivuka daraja la Rusizi akiwa amekumbatia usukani uliofungwa kwenye kitenge. Nyuma yake alikuja fundi kijana, kichwa chini. Gari lenyewe ni Chevrolet ya miaka ya 1950. Baba yake mzee alikuwa dereva wa Mbelgiji mwenye shamba la kahawa, na Mbelgiji huyo alipofunga virago akamwachia dereva wake gari kwa bei ya kuagana. Kijana alipewa kazi ya kubadilisha beringi ya shafti ya usukani. Usukani ulipogoma kutoka, hakutafuta pula ya kuuvutia. Aliugonga kwa nyundo kutoka chini mpaka kitovu chake kikapasuka. Hakukana kosa. “Nitamupatia ingine, Maalim,” aliniambia. “Usukani ni usukani.”

Mzee hakupandisha sauti. “Ile baba yangu alikamata miaka yote, utaitosha wapi?”

Nilifungua kitenge. Usukani ulikuwa duara kubwa, kubwa kuliko la magari ya leo, kwa kuwa magari mengi ya wakati ule hayakuwa na pawa stelingi, na upana wa duara ndio uliompa dereva nguvu za kukata kona. Plastiki ngumu iliyofunika chuma ilikuwa imepigwa na jua hadi ikachanika mistari myembamba kama unywele. Upande wa nyuma kiwanda kiliweka mabonde madogo ya kukalisha vidole. Juu kushoto mabonde hayo yalikuwa yamelika kabisa, pamebaki laini kama mpini wa jembe la zamani. Mzee aliweka vidole vyake pale, kisha akavitoa. Vyake vilikuwa vifupi kuliko sehemu iliyolika.

Kijana hakukosea kusema usukani ni usukani. Ni maneno yenye historia, na yamewafaa watu wengi. Mwaka 1908, katika uwanja wa mbio wa Brooklands, Uingereza, wakaguzi wa klabu ya magari walichagua Cadillac tatu zilizotoka Marekani, wakazifungua mpaka skrubu ya mwisho na kuchanganya vipuri vyote kuwa rundo moja. Wakaondoa vipuri 89, wakaweka vingine kutoka stoo ya muuzaji. Mafundi wakaunga magari matatu kutoka rundo lile kwa spana na bisibisi, bila kugusa tupa. Magari yakawaka, yakakimbia maili 500, yaani kilomita 800 hivi, na Cadillac ikapewa tuzo ya Dewar. Tuzo ilistahili, kwa sababu enzi hiyo fundi alizoea kupiga tupa kila kipuri mpaka kikubali gari moja tu. Kikivunjika, umekwama hadi mwingine akuchongee.

Kwa watu wa Rusizi kubadilishana huku kwa vipuri ni rehema. Bandari ya Mombasa na ya Dar es Salaam ziko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, na ukitaka kwenda Kigali kwa barabara kuu, Nyungwe inakusubiri na kona zake. Kama kila gari lingedai spea yake peke yake, magari ya Kamembe na Bukavu yangelala uani. Tunaishi kwa sababu kiwanda kimoja hurudia shafti yenye meno yale yale kwenye modeli kadhaa. Anayedharau kubadilishana kwa vipuri hajawahi kusukuma gari la mgonjwa usiku.

Hata hivyo wanazuoni wetu walikwisha kuligawa jambo hili kabla ya viwanda kuzaliwa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye Minhaj yake ni nguzo ya madhehebu ya Shafii katika pwani ya Afrika Mashariki, anatenganisha mali za aina mbili anapoeleza kuharibu na kulipa. Kuna mali yenye mithili yake, ile inayopimwa kwa kibaba au mizani: ngano, tende, mafuta. Ukiharibu pishi ya mwenzako, unamrudishia pishi ya namna ile ile, na deni limekwisha. Na kuna mali isiyo na mithili kwa sheria: mnyama, nguo, nyumba. Hiyo hulipwa kima chake, kwa kuwa hakuna ng’ombe wawili walio sawa, na kumpa mtu ng’ombe mwingine ukamwambia “ni yule yule” ni kumfunga mdomo.

Wanazuoni wa siku hizi huingiza bidhaa mpya za kiwandani katika fungu la kwanza, na nawaunga mkono. Usukani mpya ndani ya boksi ni sawa na mwenzake wa boksi la pili. Lakini siku unapofungwa kwenye gari na kuanza kupokea jasho la mtu mmoja, unaanza kuhama fungu. Kiwanda huzaa mithili. Matumizi huiondoa bidhaa katika fungu hilo polepole, bila mtu kutia sahihi. Kwa hiyo swali la kaunta yangu halikuwa iwapo usukani ule ungeweza kupatiwa mwenzake. Swali lilikuwa nani ana haki ya kusema kwamba mwenzake anatosha.

Hapo nilikumbuka kisa ambacho Bukhari amekipokea kutoka kwa Anas. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, na mke mwingine akamtuma mtumishi na chakula ndani ya bakuli. Mwenye nyumba, kwa wivu, akaupiga mkono wa mtumishi. Bakuli likaanguka na kuvunjika. Mtume alikusanya vipande na chakula kwa mikono yake, akawaambia waliokuwapo kwamba mama yao ameshikwa na wivu, na akamzuia mtumishi asiondoke mpaka lilipoletwa bakuli zima kutoka nyumba ile. Zima likaenda kwa aliyevunjiwa. La vipande likabaki pale lilipovunjiwa.

Wanazuoni wamebishana sana juu ya bakuli hilo. Bakuli la kuchongwa kwa mkono halina mithili, wengine wakasema, basi imekuwaje lilipwe kwa bakuli? Baadhi wakajibu kwamba mabakuli yote mawili yalikuwa ya Mtume mwenyewe, hivyo hapakuwa na deni la kisheria, palikuwa na kutuliza nyoyo. Mimi huvutwa zaidi na mpangilio wa matendo. Kwanza vipande viliokotwa, na aliyeviokota ndiye mwenye cheo kuliko wote waliokuwamo. Kisha sababu ya kosa ikatajwa bila kumvunjia mtu heshima. Badala ikaja mwisho. Sisi huanza na badala, tena huitupa mbele ya mtu upesi, ili tusiangalie vipande.

Mimi si kadhi, na siku ile nilisuluhisha tu. Nilimwambia kijana: usitaje usukani mwingine mpaka mzee amalize kukusimulia kuhusu huu. Mzee alisimulia. Alieleza jinsi baba yake alivyoshuka na gari lile hadi Uvira katika mvua, mkono wa kushoto juu ya duara, wa kulia kwenye gia. Kijana alisikiliza akiwa amesimama, na alipoomba radhi, aliomba kwa jambo analolijua sasa.

Na mzee naye alikuwa na wajibu. Alitaka kitovu kilichopasuka kichomelewe na usukani urudishwe garini. Nilikataa. Usukani unaoweza kuchomoka mkononi kwenye mteremko si urithi, ni hatari kwa kila aliye barabarani. Imamu Ghazali anahesabu kulinda nafsi kati ya mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi, na kumbukumbu ya baba haimo katika matano hayo. Upendo wa kitu hauna haki juu ya shingo ya abiria. Hapa kubadilisha hakuwi ruhusa tena, kunakuwa faradhi.

Tukapatana hivi. Kijana atafute usukani wa kuendeshea, agharamie pia kuziba nyufa za ule wa zamani kwa gundi ngumu na kuupiga msasa, na mzee abaki na zote mbili. Mwingine ulipatikana kwenye pikapu ya Chevrolet ya miaka hiyo hiyo, iliyokuwa imeoza bodi huko Uvira. Tulihesabu meno ya kitovu, tukapima mteremko wa tundu, tukajaribu nati. Ulikaa. Honi ndiyo ilikataa, kwa sababu pete ya mguso haikulingana, ikabidi swichi yake ihamishiwe kwenye dashibodi. Safari hii kijana alipiga alama kwenye shafti kabla ya kufungua chochote, na akaja na pula ya kuazima.

Nisingeandika haya kwa ajili ya Chevrolet moja. Naandika kwa sababu maneno ya kaunta yangu nimeyasikia matangani. Nimemsikia mtu akimwambia mama aliyezika mtoto wake mchanga: wewe bado kijana, Mungu atakupa mwingine. Msemaji alikuwa na huruma, sina shaka. Lakini alimweka mtoto katika fungu la ngano na tende. Nimemsikia pia tajiri wa malori akisema madereva wamejaa mjini. Ni kweli, kazi ya dereva hupata mtu mwingine, na lazima ipate, kwa kuwa mzigo una mwenyewe na dereva mpya ana watoto. Aliyekufa hapati mwingine. Kiti hujazwa, mtu hajazwi.

Juu ya hili dini zetu mbili, ambazo hapa Rusizi zinapakana ukuta kwa ukuta, zinasema jambo moja kwa njia mbili. Katika Biblia, Ayubu alipoteza kondoo 7,000 na akarudishiwa 14,000; mifugo yake yote ilirudi maradufu. Watoto alipoteza wana saba na mabinti watatu, akapewa wana saba na mabinti watatu, hawakuzidi. Wasomaji wengi wa kitabu hicho wameona sababu: mnyama aliyekufa ameisha, lakini wale watoto kumi wa kwanza hawakuhesabiwa kuwa wameisha mbele ya Mungu. Qurani nayo, katika sura ya Swad, inaeleza kwamba Ayubu alipewa watu wake, na mfano wao pamoja nao. Wafasiri kadhaa wa mwanzo walielewa kwamba walirudishwa wale wale, kisha mithili yao ikawa nyongeza. Mwenyezi Mungu, ambaye kuumba wengine si kazi Kwake, hakumwambia Ayubu kwamba wengine wanatosha. Ikiwa Yeye hakusema hivyo, sisi wauza spea na mafundi wa nyundo tuna mamlaka gani ya kusema?

Basi msomaji, ukivunja cha mwenzako, lipa. Tena lipa kilicho kizima, usimpe chakavu. Lakini kabla ya kulipa, okota vipande na umuulize amepoteza nini, kwa maana yeye ndiye anayejua kama kingine kinatosha. Na ukienda kwenye msiba, usiahidi mwingine. Taja jina la aliyeondoka.