Je, Mgonjwa Asiyepona Amepungukiwa Imani?



Tutokapo kanisani siku ya Jumapili, baada ya kupeana mikono, wako kati yetu ambao huulizwa swali lile lile kila mara: "Je, hujapona tu?" Aulizaye hana nia mbaya. Lakini sisi tulio na maradhi yasiyoisha, kama kisukari, shinikizo la damu, kifafa, pumu au virusi vya ukimwi, twalisikia ndani yake swali la pili: "Je, unaomba kweli?" Yatupasa kulijibu swali hilo waziwazi, maana limekwisha kumfikisha mmoja wetu karibu na kaburi.

Mmoja wetu huyo, mwalimu mstaafu mwenye kisukari, alihudhuria mkutano wa injili uliofanyika uwanjani. Mhubiri mgeni aliwaita wagonjwa mbele, akawaombea, kisha akasema kwamba aliyeamini na atupe dawa zake, kwa sababu kuendelea kuzitumia ni kumwambia Mungu kuwa hakuponya. Mwalimu yule alijua jinsi mwili unavyofanya kazi. Alikuwa amewafundisha wengine somo hilo. Hata hivyo alirudi nyumbani akazifukia chupa zake za insulini nyuma ya jiko. Siku ya kwanza alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Siku ya tatu kiu haikukatika na macho yaliingia ukungu. Siku ya tano watu wa nyumbani walimpakia kwenye pikipiki, akiwa hamtambui mjukuu wake aliyemshikilia kwa nyuma. Alipopata fahamu, kilichomuumiza kuliko ugonjwa kilikuwa aibu. Alidhani amefeli mtihani wa imani.

Mtu huyo ndiye ashikaye kalamu hii. Nasi twasema "sisi" kwa kuwa twajua hayuko peke yake.

Basi, tuulize kwanza: imani ni nini? Wako wadhanio kuwa imani ni kama fedha. Ukiwa nayo ya kutosha wanunua uponyaji, na ukirudi mikono mitupu ni kwa sababu fedha yako ilipungua. Lakini mtoto anayemwamini babaye siku anayopewa nguo mpya tu hamwamini babaye, anaamini nguo. Imani ni kumshika mkono Mungu, wala si kukinga mkono tu. Na mkono hushikwa kwa nguvu zaidi njia inapokuwa na giza.

Pili, tuyatazame Maandiko. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, twasoma kwamba huko Efeso hata vitambaa vilivyogusa mwili wa Mtume Paulo vilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Sasa tufungue Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, mstari wa 20. Mtume yule yule anasema kwamba amemwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Na Trofimo alikuwa Mwefeso, mtu wa mji ule ule ulioviona vitambaa vile! Paulo hasemi neno lolote la kumlaumu. Hasemi kwamba Trofimo alikuwa na dhambi ya siri, wala kwamba hakuomba vya kutosha. Alikuwa mgonjwa, akaachwa apumzike, safari ya Injili ikaendelea. Timotheo naye, aliyekuwa na tumbo bovu na maradhi ya mara kwa mara, hakuambiwa aongeze imani. Alishauriwa atumie divai kidogo, yaani dawa ya siku zile. Na Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe. Haukuondolewa, alipewa neema ya kuishi nao. Ni nani kati yetu atakayesimama na kusema kwamba Paulo alipungukiwa imani?

Tatu, tutazame nyumbani, katika mkoa wetu huu wa Ruvuma. Kule Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, liko kaburi la Padre William Percival Johnson, ambaye baadaye alikuwa Arkidikoni. Alifika Unguja mwaka 1876 pamoja na misheni ya UMCA, akiwa kijana wa miaka 22. Katika miaka ya 1880 alipatwa na ugonjwa mkali wa macho. Jicho moja lilipotea kabisa, na la pili likabaki na nuru kidogo tu. Mtu wa namna hiyo angeweza kubaki kwao Uingereza, wala hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alirudi ziwani. Akiwa na nuru ile kidogo alisafiri kwa meli ya misheni na kwa miguu, kijiji hata kijiji, akahubiri, akafundisha, akatafsiri Biblia katika Kinyanja. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini, mpaka alipofariki huko Liuli mwaka 1928. Ni vigumu kudhani kwamba katika miaka yote hiyo hapakuwa na Mkristo aliyemwombea macho yake. Macho hayakurudi, wala imani haikuondoka. Wengi wetu tuliozaliwa katika Kanisa hili pande hizi twakula matunda ya kazi ya mgonjwa asiyepona.

Huenda mtu akauliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini watu wenye akili timamu huacha dawa zao? Tusiwacheke. Mwaka 1911 au mwaka 2011, mwanadamu ni yule yule. Wengi wetu twakumbuka mwaka huo wa 2011, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alipogawa dawa ya mizizi katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, kikombe kimoja kwa shilingi 500. Watu walimiminika kutoka mikoa mingi na hata nchi jirani, magari yakapanga foleni kwa kilomita nyingi. Wako waliorudi wakaacha dawa zao za hospitali, na baadhi yao maradhi yaliwazidi nguvu. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka. Asiyewahi kumeza vidonge kila siku ya Mungu kwa miaka kumi, akijua kwamba kesho atameza tena, hawezi kujua uzito wa kuchoka huko. Aliyechoka hutamani neno moja tu: "Imekwisha." Na yeyote atakayemtamkia neno hilo, atamfuata.

Ndiyo maana twasema kwamba dawa si adui wa imani. Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyepata kisukari kile kinachohitaji insulini hakuwa na tumaini. Alikonda mbele ya macho ya mama yake mpaka akafa. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, huko Toronto, Kanada, walifanikiwa kutoa insulini katika kongosho la mnyama, na mwaka uliofuata mvulana wa miaka 14 alidungwa dawa hiyo, akaishi. Je, akili ile ilitoka wapi? Kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho Kanisa letu huruhusu kisomwe kwa mafundisho ya mwenendo, chafundisha katika sura ya 38 kwamba Mungu ndiye aliyemweka tabibu na ndiye aliyeziotesha dawa katika nchi. Chamwagiza mgonjwa aombe, tena ampe tabibu nafasi yake. Yote mawili, wala si moja badala ya jingine.

Kwa hiyo sisi tunapoitoa chupa ya insulini asubuhi katika chungu chenye mchanga wa majimaji, mahali tunapoitunza ili isiharibiwe na joto, tunafanya ishara ya msalaba kwanza. Sindano ile ni sala. Kwa tendo hilo twamwambia Mungu: umetupa siku hii, nasi tunaipokea.

Lakini swali gumu zaidi bado liko, nasi hatutaki kulikwepa. Ikiwa Mungu aweza kuponya, na haponyi, kwa nini tuendelee kuomba? Hatuna jibu la kumaliza swali hili. Ayubu alilia usiku na mchana, na Mungu aliposema naye hakumweleza sababu ya mateso yake. Hata hivyo Mungu aliwakemea wale marafiki waliokuwa na maelezo tayari, akamsifu Ayubu aliyelalamika. Na Bwana wetu mwenyewe katika bustani ya Gethsemane aliomba kikombe kimwondokee, na kikombe hakikuondoka. Basi sala isiyojibiwa kama tulivyotaka si alama ya kukataliwa. Mwana wa Mungu aliisali kabla yetu. Tunaomba uponyaji kwa sababu sisi ni watoto, na mtoto huomba. Tunaendelea kuamini bila uponyaji kwa sababu Baba ni yule yule.

Sasa twawaomba ninyi mlio wazima mambo machache. Msituulize kama tunaomba; ombeni pamoja nasi. Msinong'one kwamba fulani amerogwa au kwamba nyumba fulani ina laana, maana Bwana alipoulizwa juu ya yule aliyezaliwa kipofu, kama ni dhambi yake au ya wazazi wake, alikataa yote mawili. Mkimwona mgonjwa ameacha kliniki, mwendeeni kwa upole mkamsindikize. Wazee wa kanisa wamkumbushe Padre kuwapelekea Ekaristi wasioweza kutembea. Akina mama, ambao tangu zamani huwauguza watu bila kutangaza, wasiachiwe kazi hiyo peke yao. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Basi mpelekeeni, msingoje aombe.

Nanyi wenzetu mnaougua, msifiche. Mficha maradhi kilio humfichua. Mezeni dawa zenu bila haya, mje kanisani siku mnayoweza, na siku msiyoweza mjue kwamba kitanda chenu nacho ni sehemu ya kanisa. Trofimo alibaki Mileto akiwa mgonjwa, na jina lake lilibaki katika Maandiko Matakatifu.

Bwana awe nanyi nyote.