Mikono ya Upendo



Mgeni atokaye sokoni Kariakoo kwenda kumtazama mzazi hospitali hupita Mnazi Mmoja akiwa na kikapu mkononi na furaha moyoni. Ameshika fedha, samaki na mlango wa basi. Afikapo wodini humpokea mtoto mchanga na kumbusu. Siku ya tatu mtoto akataa titi, mwili wapoa, pumzi zaenda mbio, kisha afa. Labda vijidudu vilitoka mkononi mwa mgeni, labda mwa mwingine, hapana ajuaye. Je, yuko mwenye hatia?

Jambo hili si dogo. Huko Muhimbili, karibu nasi, waganga walipima damu ya watoto waliolazwa mwaka 2001 na 2002. Katika wale walioonekana na vijidudu vya Klebsiella na jamaa zake damuni, walikufa zaidi ya 43 katika kila 100. Katika wenye malaria walikufa 20.

Wako wasemao, "Ni mapenzi ya Mungu," wakanyamaza. Lakini wanafunzi walipouliza ni nani aliyekosa hata mtu azaliwe kipofu, Bwana Yesu hakuwatajia mkosaji. Alimponya yule mtu.

Mwaka 1847 mganga Semmelweis wa Vienna aliwaagiza waganga wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vikapungua sana. Hata hivyo wengi katika wenziwe hawakukubali. Maana ni vigumu mtu mwema kukiri ya kuwa mkono wake umebeba mauti.

Basi, asiyejua hahesabiwi kuwa mwuaji. Lakini aliyekwisha kujua, akapuuza, hawezi kujificha nyuma ya nia yake njema. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Dr. Martin Luther alibaki kuwahudumia watu. Lakini aliandika pia ya kuwa adharauye dawa na tahadhari hamtegemei Mungu, bali amjaribu.

Wala tusimtwike muuguzi lawama peke yake. Mwenye watoto wengi na bomba moja, afanyeje? Amri ya Tano yatudai sote. Mgeni na anawe, au aangalie kwa mbali. Usharika nao upeleke sabuni pamoja na maombi. Upendo ukatao kunawa wajipenda wenyewe. Haujampenda mtoto bado.