Ua la Mama Mkwe



Mwezi huu sitaanza na maswali yenu. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, kwa maana mwalimu anayesahihisha madaftari ya wenzake hana budi siku moja kulifungua lake.

Mimi ni katekista hapa Kware, upande wa Embakasi, Nairobi. Kila mwaka huwafundisha wachumba wanaojiandaa kwa Sakramenti ya Ndoa. Najua kusema juu ya uaminifu, subira na msamaha. Hata hivyo, miaka michache iliyopita mke wangu alinikabidhi mche mmoja wa waridi, nami nikauua. Kisha nikamdanganya.

Habari yenyewe ni hii. Mama mkwe wangu alifariki. Baada ya mazishi mke wangu alirudi na kijiti cha waridi alichokikata uani kwa mama yake, amekifunga kwa kitambaa chenye unyevu. Alikipanda katika ndoo kuukuu ya rangi, akaitoboa chini, akaiweka kwenye baraza yetu ya ghorofa ya tatu. Huku kwetu nyumba zimesongamana hata jirani anaweza kukupa chumvi kupitia dirishani, na jua hufika barazani kwa saa chache tu. Hata hivyo kijiti kilichipua. Kila asubuhi mke wangu alikitazama kabla ya kunitazama mimi. Sikuona wivu. Nilijua anamtazama mama yake.

Ikafika siku akaitwa tena nyumbani mashambani kwa shughuli za familia, wiki tatu. Akaniambia, "Baba watoto, nakuachia watoto na ua langu." Nikamjibu, "Usiwe na shaka."

Wiki ya kwanza nilisahau. Kulikuwa na mafundisho, mikutano ya jumuiya na harambee ya mgonjwa. Siku niliyokumbuka, majani yalikuwa yamelegea. Hofu ikanishika. Mfereji ulikuwa mkavu siku hiyo, na mtungi wa maji hununuliwa, basi nikamimina ndoo nzima ya maji ya kufulia, yenye sabuni. Kesho yake nikamimina tena, na kesho kutwa vilevile. Isitoshe, matundu ya ndoo nilikwisha kuyaziba, kwa sababu jirani wa chini alilalamika kwamba maji yanadondokea nguo zake. Nilidhani ninanywesha, kumbe ninazamisha. Majani yakawa njano, yakapukutika. Nikaung'oa mche pamoja na udongo wake, nikautupa kwenye gunia nyuma ya tangi la maji.

Halafu nikaenda kwa wauza miche wa kando ya barabara, nikanunua waridi jingine jekundu la kimo kilekile, nikalitia katika ndoo ileile.

Mke wangu aliporudi alisimama barazani, akagusa jani moja. Akasema, "Hili si la mama." Hakuongeza neno. Kwa majuma mengi baada ya hapo tulizungumza juu ya unga, karo na kodi ya nyumba, basi. Jumapili tuliketi benchi moja kanisani, na watu wakatuita mfano mwema.

Ndugu wanandoa, ni wangapi kati yetu tuna waridi la kununuliwa barazani, huku lile la kweli limetupwa nyuma ya tangi?

Aliyenifungua macho ni nyanya mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo, mjane, anayelima sukuma wiki katika magunia mlangoni pake. Kilimo hicho kilienea katika mitaa kama Kibera baada ya machafuko ya mwaka 2008, watu walipokosa chakula na nafasi ya kulima haipo. Gunia hujazwa udongo na samadi, na katikati hupitishwa nguzo ya mawe madogo toka chini hadi juu. Miche hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Nilimwuliza mawe ni ya nini. Akacheka. "Mwalimu, bila mawe maji hayafiki chini, na yakifika hayatoki. Mizizi nayo hupumua. Ikikosa hewa huoza."

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Mimi niliyaziba matundu ili jirani asilalamike. Na katika ndoa yangu nilifanya lilelile. Mke wangu alipotaka kulia juu ya mama yake, nilimwambia ajikaze, wageni wa jumuiya wanakuja. Uchungu wake haukuwa na pa kutokea. Huzuni ikituama ndani ya mtu huozesha mizizi, hata kama juu bado kuna majani mawili matatu ya kuonyesha watu.

Tena nilijifunza kwamba kinyunyizio kidogo cha kila siku hushinda gharika ya toba. Wanaume wenzangu, tunamsahau mke miezi sita, kisha siku moja tunamletea kitenge na nyama kilo tatu, tukishangaa kwa nini hafurahi. Aliyekauka hanyweshwi kwa pupa. Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016 alisisitiza maneno matatu kwa kila familia: naomba, asante, samahani. Ni maneno madogo kama vikombe vya maji. Lakini kikombe cha kila siku ndicho kinachootesha.

Udongo nao una somo. Udongo mweusi wa Embakasi mnaujua. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na masika hunasa hata lori. Mkulima mwenye akili hauchukii. Huuchanganya na mchanga na samadi mpaka ulainike. Vivyo hivyo mume au mke ana udongo aliotoka nao kwao: hasira ya baba yake, au ukimya wa mama yake. Kuulaani udongo hakuotesha kitu. Uchanganyeni pole pole kwa mazungumzo na sala.

Bwana wetu anatupa mfano katika Injili ya Luka, sura ya 13, aya ya 6 hadi 9. Mwenye shamba ametafuta matunda kwenye mtini kwa miaka mitatu asione hata moja, naye anaamuru ukatwe. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, apate kuuchimbia pembeni na kuutia samadi. Tazameni vizuri: yule mtunzaji haukemei mti. Anajipangia kazi yeye mwenyewe. Ni yeye atakayeinama, ni mikono yake itakayochafuka. Mara ngapi sisi husema, "Bwana, mbadilishe mke wangu," tukiwa tumesimama wima?

Msiogope pia mkianguka mara ya kwanza. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba Kamukunji, huku huku Eastlands. Mingi kati yake ilikauka. Lau angekata tamaa pale, Vuguvugu la Ukanda wa Kijani lisingeotesha mamilioni ya miti, wala yeye asingetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Lakini sikilizeni neno hili, nalisema kwa uzito. Mmea uliosahauliwa na mmea unaomwagiwa sumu si hali moja. Mama anayepigwa, au baba anayetishiwa maisha, asiambiwe na mtu kwamba huo ni msalaba wake avumilie tu. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenye ndoa kutengana na mwenzake anayemhatarisha vibaya yeye au watoto, kwa amri ya Askofu, na hata kwa uamuzi wake mwenyewe kama kukawia ni hatari. Hapa Kenya iko pia sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Kwanza ondoka kwenye sumu. Mazungumzo yatafuata baadaye, ukiwa salama.

Turudi kwangu. Siku moja jioni, watoto wamelala, nilimwambia mke wangu ukweli wote: kusahau, maji ya sabuni, matundu, na waridi la kununua. Nikasema samahani bila kuongeza neno "lakini". Alilia sana, na safari hii sikumwambia ajikaze. Alipomaliza akauliza, "Uliutupa wapi?"

Tulipanda juu kwa tochi. Shina lilikuwa kavu kama kuni. Akalikwangua kwa ukucha juu, kahawia tupu. Akashuka chini, akakwangua tena, karibu kabisa na mizizi. Kulikuwa na rangi ya kijani, nyembamba kama uzi. Akazikata sehemu zote zilizokufa, akabakiza kipande cha urefu wa kidole. Mimi niliizibua ndoo.

Kipande hicho kilikaa zaidi ya mwaka bila kutoa ua. Sisi pia tulikaa muda mrefu kabla ya kucheka kama zamani. Sasa linachanua, dogo kuliko lile la dukani, na mke wangu huniachia bila hofu anaposafiri. Kwangu mimi hilo ndilo ua lenyewe.

Kazi ya nyumbani kwenu ni hii. Jioni moja wiki hii zimeni redio na simu, kaeni wawili. Kila mmoja amwulize mwenzake: "Ni wapi nimekuziba usipumue?" Anayeulizwa aseme. Anayeuliza anyamaze, asijitetee. Kisha salini pamoja Baba Yetu, hasa pale tunapoomba msamaha kama sisi tunavyosamehe.

Mungu Mtunzaji awape samadi, maji na mwaka mmoja zaidi. Amina.