Lugha ya Pili na Ubongo wa Mzee

Siku hizi twasikia ikisemwa kwamba mtu asiyetaka ubongo wake uchakae upesi uzeeni, na ajifunze lugha nyingine. Neno hili lina asili yake. Mwaka 2007, huko Toronto, Kanada, Ellen Bialystok na wenzake walichunguza habari za watu 184 wenye dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Waliotumia lugha mbili maishani walianza kuonyesha dalili miaka ipatayo 4 baada ya wenzao wa lugha moja. Mwaka 2013 Suvarna Alladi na wenzake walipata karibu yayo hayo kwa wagonjwa 648 wa Hyderabad, India, hata miongoni mwa wasiojua kusoma wala kuandika. Hilo latupendeza, kwa kuwa watu kama hao lugha huiokota sokoni na kwa jirani.

Haki yatudai tuseme pia kwamba uchunguzi mwingine, uliowafuata wazee wazima kwa miaka mingi, mara nyingi haukuona tofauti hiyo. Tena hata Toronto ugonjwa haukuzuiwa, ila dalili zilichelewa. Basi mtu asimwambie mke wa mgonjwa, "Angalijifunza lugha asingaliugua." Huo ni ukatili. Wako kwetu wazee waliosema Kigogo, Kiswahili na Kiingereza, na bado wamesahau majina ya watoto wao.

Je, yafaa mtu ajifunze lugha ya mwenzake kwa ajili ya kujitibu mwenyewe? Hatuoni kosa. Hata aanzaye kwa kujipenda, baada ya siku chache hana budi kutafuta wa kusema naye, maana lugha haimezwi kama kidonge. Mzee wa miaka 70 anayejaribu Kimasai atasahihishwa na muuza maziwa na kuchekwa na watoto wake. (Kucheka huko nako, kwa maoni yetu, ni nusu ya dawa.)

Linalotusumbua zaidi ni jambo ambalo wauguzi na jamaa za wagonjwa walijua: ugonjwa ukiendelea, mtu wa lugha mbili mara nyingi huirudia ile ya kwanza. Kiswahili alichokisema miaka 50 chaondoka, chabaki Kigogo cha mama yake. Na aliye nyumbani naye ni nani? Mjini, mara nyingi ni mjukuu asiyejua hata neno moja la lugha hiyo. Bibi aomba maji, aletewa blanketi. Akiudhika, husemwa kwamba amekuwa mkali na akili zimemwisha; kumbe maji aliyaomba kwa ufasaha kabisa.

Mbona basi shauri la kujifunza lugha twampa mzee peke yake? Mjukuu wa miaka 15 angeweza kuanza na maneno machache tu: maji, baridi, choo, naumwa, njoo, usiogope. Mwalimu yumo nyumbani, amekaa barazani, wala hadai ada, na leo bado anayakumbuka yote.