Kwa Mwanangu na Mkaza Mwana, Kabla ya Safari Ndefu

Wanangu,

Baba yenu amenieleza mlivyoamua: mwakani mtaacha kazi, nyumba mtamrudishia mwenyewe, vyombo mtauza, kisha mtazunguka dunia miaka miwili au mitatu, ninyi wawili tu. Ameniomba niwaite niwazuie. Sitawazuia. Nawaandikia kwa sababu maneno ya barazani hukatizwa na wageni, na haya nataka myasome pamoja, mmetulia.

Kusafiri si jambo geni kwetu. Pwani hii imejengwa na watu waliokwenda na waliokuja. Majahazi yaliletwa na kaskazi, yakarudishwa na kusi, na mfanyabiashara aliyetoka Muscat kuja Unguja alijua tangu siku ya kutweka tanga ni upepo gani utakaomrudisha kwao. Mkewe aliyebaki alijua pia. Ninyi hamna upepo wa kuwapangia. Ndege zipo kila siku, na kwa hiyo kurudi kunaweza kuahirishwa kila siku. Wekeni tarehe ya kurudi wenyewe, mwambieni baba. Mkitaka kuibadilisha, ibadilisheni kwa kumwambia, si kwa kunyamaza.

Kuna msafiri mmoja anayenijia kichwani kila nikiwafikiria. Ibn Battuta alitoka Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka 21, akiwaacha baba na mama wote wawili hai. Aliondoka kwenda Hija, safari ikamvuta mbele. Mwaka 1331 alipita huku kwetu, akaiona Mombasa na Kilwa. Alifika India, akakaa Maldivi, akaenda mpaka China, na njiani alioa na kuacha, akazaa na kuacha. Watu wengi humsoma kwa ajili ya miji hiyo. Mimi hunishika pale anapogeuza uso kurudi. Mwaka 1348 yuko Damascus, anamuulizia mwana aliyemwacha huko zamani. Anaambiwa alikwisha kufa miaka 12 nyuma. Anakutana na mtu wa kwao Tangier, anamuuliza habari za baba. Anaambiwa baba alifariki miaka 15 iliyopita, ila mama yungali hai. Akahiji tena, kisha akashika njia ya kwao. Ilikuwa miaka ya ile tauni kuu. Mwaka 1349, akiwa amekwisha ingia Moroko, amebakiza mwendo mdogo tu, akapata habari kwamba tauni imemchukua na mama. Alichofika kukizuru ni kaburi.

Mtaniambia leo kuna simu. Ni kweli, habari itawafikia dakika ile ile. Lakini habari kufika na mtu kufika ni mambo mawili. Sisi huzika siku hiyo hiyo, au kesho yake ikichelewa sana. Kutoka Lima au Buenos Aires, hata mkipata ndege siku hiyo, mtatua Dar es Salaam baada ya matanga kuanza. Kwa hiyo kaeni sasa, roho zenu zikiwa zimetulia, mkubaliane ni msiba gani utawarudisha na upi hautawarudisha. Ugonjwa wa mzazi, je, mnarudi mkiambiwa amelazwa, au mnangoja? Mkishakubaliana, waambieni wazee na ndugu, ili asiyewaona msibani asijenge chuki moyoni. Na fedha za tiketi mbili za kurudi wekeni kwenye akaunti ambayo hamtaigusa kwa jambo lingine lolote, hata mkikosa pa kulala.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua hamjalifikiria, kwa kuwa hakuna aliyelitaja siku ile baba aliponieleza. Mwanangu, mama yako anatibiwa presha na sukari kwa kadi ya bima uliyoipata kazini. Umemwandikisha kama mtegemezi wako. Ukiacha kazi, michango ya mwajiri inakoma, na yeye anatoka kwenye bima pamoja nawe. Nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote. Wagonjwa wengi wa presha niliowaona wakiletwa wamepooza upande mmoja hawakuwa wamekataa dawa. Zilikuwa zimewaishia, wakaona haya kuwasumbua watoto. Kabla hujapeleka barua ya kuacha kazi, hakikisha mama ana bima nyingine na kadi yake ameishika mkononi. Hilo kwangu ni sharti. Mengine yote nawashauri tu, ila hili nakuagiza kama dada wa baba yako.

Na kuna ada ya mdogo wako, kuna michango ya harusi na misiba, kuna kikoba cha mkaza mwana ambacho wenzake wanamtegemea kwenye zamu. Mizigo hii haifutiki kwa kuwa wenyewe wamepanda ndege, humwangukia aliyebaki. Mara nyingi ni binti mmoja mpole ambaye hakuulizwa. Mtafuteni mtu mapema, mkabidhini mbele ya wengine, na mkabidhini pamoja na fedha. Ukimkabidhi mtu kazi bila fedha umemtwika madeni yako. Kiwanja nacho kiandikieni hati kwa mwanasheria, anayewasimamia awe na mamlaka ya kusema mbele ya serikali ya mtaa. Na laini ya simu yenye fedha na namba za benki iwekeni hai, maana imesajiliwa kwa alama za vidole, na ikifungwa mkiwa mbali hamna kidole cha kutuma.

Nimeziangalia zile video mnazozipenda, za vijana wa Ulaya wanaoamka asubuhi wakaamua nchi ya kuingia jioni. Wanasafiri kwa pasipoti nyingine. Ninyi mtaomba viza, na balozi nyingi hutaka uombe ukiwa katika nchi unayokaa, si popote utakapokuwa. Kwa nchi za Schengen ada ni euro 90 kwa kila mtu tangu mwaka 2024, na wakiwanyima hawairudishi. Watataka bima ya safari ya euro 30,000 na uthibitisho wa fedha na wa sababu ya kurudi kwenu, na hapo barua ya mwajiri ndiyo mtakuwa mmekwisha iacha. Mkipewa, mwisho ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Nawashauri pangeni njia kwa pasipoti yenu. Viza ngumu ziombeni mkiwa bado kazini. Na anzeni na Afrika: Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, kisha kusini, Zambia mpaka Afrika Kusini, kote huko mnaingia bila viza. Zungukeni kwa mabasi na treni miezi michache. Yale mtakayoyagundua juu yenu wenyewe, heri myagundue mkiwa mwendo wa basi kutoka nyumbani.

Maana ndoa yenu haijawahi kukaa peke yake. Mkigombana, wewe mkaza mwana unakwenda kwa dada yako, au unazungumza na somo yako mpaka hasira ishuke. Mwanangu anatoka, anakaa kijiweni na wenzake, anarudi amepoa. Mimi mwenyewe nimeshatatua mawili matatu ambayo mwingine hakujua kwamba nayajua. Huko mwendako watu wote hao hawatakuwapo. Mtakuwa chumba kimoja usiku na mchana, na yule aliyekuudhi ndiye huyo huyo wa kukupoza. Atakuwa muuguzi wako ukiharisha, msimamizi wa fedha zako, na mtu pekee anayeelewa unaposema kwa Kiswahili. Hiyo ni kazi nyingi kwa mtu mmoja. Kwa hiyo kila mmoja awe na fedha zake kidogo asizoulizwa, na kila mmoja ashike pasipoti yake mwenyewe. Wekeni siku katika kila wiki ambayo kila mtu anatembea kivyake. Chagueni mtu mmoja huku nyumbani, mwanamume au mwanamke, ambaye yeyote kati yenu anaweza kumpigia saa yoyote bila mwenziwe kuhesabu kwamba ameshitakiwa. Mkinichagua mimi nitashukuru, ila si lazima niwe mimi. Na mmoja akichoka akataka kurudi, wote mnarudi. Kubalianeni hivyo leo, kabla hajachoka yeyote.

Juu ya mtoto siwaulizi, hilo ni lenu. Nasema tu kama muuguzi: amueni mapema, mimba ikiingia mkiwa njiani, mtajifungulia wapi na kwa fedha gani.

Chanjo ya homa ya manjano ichomeni walau siku 10 kabla ya kuondoka, na kile kitabu cha njano msikipoteze. Tangu 2016 cheti chake ni cha maisha, hakihitaji kurudiwa. Na mkirudi, msijione wenyeji mbele ya malaria. Mwili uliokaa miaka mbali na mbu wetu hupoteza ile kinga uliyoijenga tangu utotoni. Siku ya kwanza tu laleni kwenye chandarua, na homa yoyote ipimeni.

Andikeni pia. Picha mtapiga nyingi, lakini andikeni, na kwa Kiswahili, ili mama asome mwenyewe bila kutafsiriwa na mtoto. Mngazija mmoja, Selim bin Abakari, alizunguka Urusi na Siberia mwaka 1896 akamwandikia msomaji wa Kiswahili aliyoyaona, na Carl Velten akayachapisha mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli. Tangu hapo si wengi wetu waliozunguka mbali hivyo wakatuandikia sisi.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu njooni Muheza. Leteni karatasi mbili: moja ya madeni yote mnayodaiwa na mnayodai, nyingine ya majina ya watu wanaowategemea kwa fedha, hata kama ni elfu kumi kwa mwezi. Baba atakuwapo, nami nitazungumza naye kabla hamjafika. Mkaza mwana, mama yako nimemwalika pia. Nilipompigia aliniambia kwamba habari za safari hii amezisikia sokoni, na kwamba hakuna aliyekwenda kumuuliza yeye anaonaje. Nendeni kwake kabla ya Jumapili hiyo, wote wawili.

Shangazi yenu