Ua Linalomkataa wa Kwao

Huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mvua ikivunja kiangazi hazipiti siku nyingi kabla ya mibuni kuvaa maua meupe, yenye harufu inayokaribiana na ya asumini. Maua hayo hayana umri. Siku mbili tatu, yamenyauka. Lakini kazi ya ua la arabika huwa imekwisha, na aghalabu imekwisha pasi na mgeni kubisha hodi: chavua ya ua imeliangukia ua lilelile. Punje ya chavua ikishatua juu ya stigma huchipua mrija mwembamba kuliko unywele, na mrija huo hupenya shingo ya ua na kushuka hadi lilipo yai. Arabika hauuzuii mrija wake wenyewe. Kwa lugha ya wanadamu, hujioa.

Nduguye, mbuni wa robusta unaolimwa Kagera, hauna ruhusa hiyo. Chavua yake ikiangukia ua la mti uleule, au la mche uliozaliwa kwa kipandikizi cha mti huo, mrija huanza safari kisha hukwama. Ufundi huu umechunguzwa zaidi katika jamaa za mnyanya: shingo ya ua hutoa kimeng'enya kinachoingia ndani ya mrija na kuuharibu, chavua ngeni ina silaha ya kukizima, chavua ya nyumbani haina. Dalili zinaonyesha kuwa mbuni nao umerithi ufundi wa namna hiyohiyo. Mkulima atakayepanda robusta shamba zima kwa aina moja ya kipandikizi atavuna majani.

Linalostahili kutafakariwa hapa ni sababu ya kukataliwa. Ua halimkatai dhaifu wala mgonjwa. Chavua inayokataliwa yaweza kuwa nzima kuliko zote zilizoletwa na upepo asubuhi hiyo. Kosa lake ni kufanana na mwenye nyumba. Kwa hiyo chavua yenye alama adimu hukaribishwa kila mlango, mpaka wazao wake wawe wengi, nao waanze kufungiwa. Je, hiyo ni hekima, au ni kufuli tu lisilojua linamlinda nani?

Swali hili halikuachiwa mimea. Kwa mila za Wachagga, wakiwamo wa Machame, wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama undugu wenyewe hakuna awezaye kuuhesabu. Pwani na visiwani, sharia imewahalalisha watoto wa ami na wa mjomba, na wahenga wakaongeza kwamba binamu ni nyama ya hamu. Kila upande humwona mwenzake kama aliyepotoka kidogo, na siku za posa kila upande hutafuta shahidi. Shahidi anayependwa siku hizi ni maumbile.

Aliyemwita shahidi huyo kwa uchungu zaidi ni Charles Darwin. Mwaka 1839 alimwoa Emma Wedgwood, binti wa mjomba wake. Walizaa watoto kumi. Watatu walikufa wangali wadogo, na kifo cha binti yao Annie, mwaka 1851, hakikumtoka moyoni. Kwa miaka kumi na moja alipanda mimea iliyojichavusha kando ya iliyochanganywa, akapima urefu, akahesabu mbegu. Kitabu chake cha mwaka 1876 kinaonyesha kwamba mara nyingi iliyochanganywa ilistawi zaidi. Mwaka 1870 alitaka sensa ya Uingereza iulize juu ya ndoa za mabinamu, Bunge likakataa. Mwanawe George akalifanyia uchunguzi wake mwenyewe, na mwaka 1875 akatoa jibu kwamba madhara, kama yapo, ni madogo. Baba aliuliza maua alichoogopa kuuliza nyumbani. Hata hivyo maua hayawezi kumhukumu Emma. Ua la robusta halikufanya wema kwa kukataa, wala la arabika halikutenda dhambi kwa kukubali. Wema na dhambi viko kwa mwenye kuchagua, na anayechagua hana budi kuulizwa bei.

Bei ya arabika inajulikana. Miche michache ya Bourbon iliyoletwa na wamisionari, ikapandwa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ilitosha kuanzisha mibuni ya mlima, kwa kuwa kila mti ulijitosheleza. Urahisi huo uliwasomesha watoto na kuujenga ushirika wa KNCU mwaka 1933. Lakini mashamba yakajaa miti ya damu moja, na ilipofika chulebuni, kuvu inayoozesha matunda mabichi, ilipita nyumba hadi nyumba kama mtu aliyepewa funguo zote.

Tiba imetafutwa Lyamungo, upande wa Machame, ambako utafiti wa kahawa ulianza mwaka 1934 na tangu 2001 unaendeshwa na taasisi ya TaCRI. Miongoni mwa wazazi wa chotara zilizotolewa huko umo mbuni wa Timor, uliozaliwa wenyewe kisiwani humo kwa kukutana arabika na robusta. Ukinzani wake dhidi ya kutu ya majani umetoka kwa huyo anayewakataa wa kwao. Kuzalisha mbegu za chotara si kazi nyepesi. Ua la arabika sharti liwahiwe lingali tumba, ling'olewe stameni, livishwe mfuko, kisha lipakwe kwa mkono chavua ya mti mwingine. Mtaalamu akichelewa hadi kesho, hulikuta limeshajioa.