Je, Mwenye Nyumba Naye Ahesabiwe?

Kwetu Nansana, nje kidogo ya jiji la Kampala, tuna vyumba saba vya kupangisha vilivyojengwa kwa safu moja, na nyumba yetu iko mwisho wa ua. Waganda huviita vyumba vya namna hii mizigo. Katika Luganda neno hilo lina maana pia ya siagi au mafuta, kwa hiyo nilipoanza kujifunza Kiswahili nilicheka kukuta kwamba mzigo ni kitu cha kubebwa kichwani. Siku hizi sicheki sana, kwa sababu mimi ndiye mwandishi wa daftari la vyumba hivyo.

Kodi ya kila chumba ilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Umeme haunisumbui, kila chumba kina mita yake na anayeishiwa hukaa gizani. Taabu ni maji. Mita ni moja, bili huja kwa jina la Mama, nami hugawa. Mwezi mmoja ilikuja bili ya 168,000. Nikagawa kwa saba, kila chumba 24,000, nikaenda kugonga milango. Mama wa chumba cha nne, anayefua nguo za watu na kulea watoto watano, alinihesabia noti polepole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na nyumba yenu ni chumba cha ngapi?"

Sikuwa na jibu. Sisi tuko wanne. Tunaoga, tunapika, tunamwagilia hata migomba. Nilikuwa nimeandika daftari lile kwa miaka miwili bila kutuandika sisi.

Nilipomweleza Mama, alikuwa na hoja, tena si mbaya. Mpangaji akihama usiku bila kulipa, deni la maji ni letu. Bomba likipasuka, fundi tunamlipa sisi. Chumba kikikaa kitupu miezi miwili, mkopo wa ujenzi hausubiri. "Hayo maji," alisema, "ndiyo yanayofidia hasara hizo." Nakubali kwamba anayebeba hatari anastahili kitu. Lakini mahali pa malipo hayo ni kwenye kodi, ambayo mpangaji huambiwa mapema akakubali au akatafuta kwingine. Kuhusu maji tulikuwa tukiwaambia "tunagawana". Katika Kiswahili, na katika Luganda vilevile, kiambishi tu- humtia msemaji ndani. Sisi tulilitamka neno huku tumejitoa.

Mwanafalsafa Mmarekani John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu haki, anatoa mfano wa keki: anayeikata achukue kipande cha mwisho, ndipo atakata sawa. Mfano huo unafaa kwa kitu kitamu. Kwenye gharama, mkataji hahitaji kujichagulia kipande. Inamtosha kutokaa mezani.

Basi nikatuingiza. Hapo likazuka gumu zaidi. Chumba cha kwanza anaishi muuguzi peke yake, mara nyingi yuko zamu. Chumba cha nne wako sita, pamoja na mabeseni ya nguo. Tukigawa kwa vyumba nane, kila mmoja atoe 21,000, muuguzi anachangia kufua nguo za watu asiowajua. Tukigawa kwa vichwa, navyo ni 28, kila kichwa 6,000, yule mama anatoa 36,000. Wenzangu darasani walisema aliye maskini ahurumiwe. Namhurumia mimi pia. Lakini kugawa kwa vyumba ni kumhurumia kwa pesa za muuguzi, ambaye hakuulizwa. Nikachukua njia ya kati: nusu ya bili kwa vyumba, nusu kwa vichwa. Muuguzi 13,500, mama wa chumba cha nne 28,500, sisi 22,500.

Mama alilipa. Kisha akapandisha kodi ya kila chumba kwa 5,000. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inaruhusu hadi asilimia 10 kwa mwaka, kwa hiyo hakuvunja chochote. Piga hesabu mwenyewe: aliyeniuliza lile swali sasa anatoa 9,500 zaidi ya alizotoa siku alipouliza.

Namba hiyo ilininyima usingizi. Hata hivyo sikuirudia hesabu ya zamani. Nilimwomba Mama amwachie yule mama kodi ya mwanzo, maana huruma hiyo angalau ingetoka mfukoni mwetu. Alikubali, kwa sharti kwamba wapangaji wengine wasijue. Sharti hilo linanikera, kwa kuwa kufichana ndiko kulikotufikisha hapa, lakini sijapata la kumwambia. Katika daftari, mbele ya chumba cha nne, nimeandika 155,000 kwa wino, na pembeni, kwa penseli, 150,000.